Salama, Ila Tumepata Wageni

Watu wa Kirumbi, hata nyumba ikiungua, ukiwauliza habari watakujibu salama, ila moto umeshika dari. Huo ndio ustaarabu wao na hawana mpango wa kuuacha. Kwanza unamtuliza anayekuuliza, ndipo unamwambia. Mtu atajibu nzuri, nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu, kisha atakohoa, atatazama pembeni, na kusema ila baba hatunaye tangu jana. Wahandisi waliokuja kumsimika Mpokezi hawakulijua hilo, na hakuna aliyewaambia, maana kila walipouliza habari za kazi walijibiwa kwamba ni njema.

Basi Mpokezi alipoanza kazi, nchi nzima ilinuka hatari. Kila asubuhi mtambo huo ulipiga simu nyumba hadi nyumba, na kwa kuwa uliongea kama mtu, watu waliuita kama mtu. Mpokezi aliwaamkia wazee shikamoo, akawarushia vijana mambo, kisha akauliza: "Habari za huko?" Alisikiliza neno, na zaidi ya neno alisikiliza pumzi, mtetemo wa koo, na kile kimya kifupi kabla mtu hajajibu. Hayo yote aliyapika yakawa taa moja kwa kila wilaya: kijani, njano au nyekundu. Taa ziliangaliwa na kampuni za bima huko ng'ambo, na bila bima hakuna ndege ya wageni iliyothubutu kutua. Sasa bibi akieleza habari za goti lake baada ya ila, Mpokezi alihesabu hofu. Mbuzi akipotea, hofu. Mvua ikichelewa, hofu. Mwaka ule wa kwanza taa zilikaa nyekundu kutoka ziwani hadi mpakani, na wakati huo hapakuwa na hata mwizi wa kuku.

Ndipo walipoajiriwa wasikilizaji, mmoja kila wilaya. Sauti yoyote iliyomtatiza Mpokezi baada ya ila ilipelekwa kwa mtu mwenye masikio ya nyama. Wa Kirumbi alikuwa Nakijwa, mwanamke wa makamo, mtaratibu wa maneno, ambaye chai yake ilikuwa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya posta ya zamani, vipokea sauti masikioni, na mbele yake kioo chenye swali lisilobadilika: *Je, mgeni anaweza kufika hapa na kuondoka salama?* Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Kumpigia mtu simu kumuuliza zaidi ilikuwa marufuku, kwa sababu wakubwa waliamini kwamba mtu akiulizwa mara ya pili hutia chumvi.

Kazi hiyo aliipenda. Aliijua ila ya goti, ila ya mume mlevi na ila ya mtu anayetaka tu kuongea kwa kuwa watoto wake wamehamia mjini. Alibonyeza Ndiyo siku nzima na kurudi nyumbani roho kwatu.

Kisha wakaja watu wa korongoni.

Waliitwa hivyo kwa kuwa walijificha kwenye korongo, na hakuna aliyejua vizuri walikotoka. Walivizia gari la watalii kwenye barabara ya chemchemi za moto, wakaua wageni wawili na dereva. Redio zote duniani zilitangaza kwamba wamekufa watu wawili. Siku ile sauti za Kirumbi zilikuja nyingi mno, na zote zilitetemeka. Nakijwa alibonyeza Hapana mpaka kidole kikauma. Taa ikawa nyekundu.

Nyekundu ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja ilileta askari, kwa kuwa sheria ilisema wilaya nyekundu ilindwe, na kweli askari walikuja wakalisukuma lile kundi ng'ambo ya milima. Kwa upande wa pili ilifukuza wageni, na Kirumbi ilikuwa haijui kula isipokuwa kwa mkono wa mgeni. Hoteli zilifungwa. Bwawa la kuogelea la hoteli kubwa likawa la bata. Mchonga vinyago alianza kuwasha moto kwa twiga wake mwenyewe, na alisema wazi kwamba twiga wanawaka vizuri kuliko tembo. Mwalimu wa Kifaransa wa waongoza watalii alihamia sokoni kuuza nyanya, akawa anazinadi kwa Kifaransa ili lugha isimtoke. Watu walicheka, kisha walinyamaza. Watoto walianza kuacha shule, na akina mama wakaanza kupika uji mwepesi wa kuonea chini ya sufuria.

Hiyo hoteli kubwa ilikuwa ya Togolani, mdogo wake Nakijwa, au tuseme ilikuwa ya mji mzima chini ya jina la Togolani, maana watu waliuza ng'ombe na viwanja ili yeye ajenge. Sasa alipopita barabarani alitembea upesi, akitazama miguu yake.

Taa ilichukua muda mrefu kupoa. Ikawa njano. Halafu, baada ya masika mawili, ikawa kijani, na kwa kuwa ilikuwa kijani askari wakapanda magari yao wakaondoka. Kampuni moja ya ng'ambo ikakubali kuleta ndege ya kwanza. Iwapo safari ingeenda vizuri wangeleta nyingine. Iwapo taa ingebadilika ndege ikiwa angani, ingegeuza, na Kirumbi ingefutwa kwenye ramani yao ya utalii. Walisema hivyohivyo, bila kuzungukazunguka.

*

Asubuhi ya ndege, Nakijwa alifika kazini mapema. Sauti zilikuwa chache na nyepesi. Watu walijibu salama kwa furaha ya kweli, hata baadhi yao walisahau kuweka ila. Kisha ikaja sauti ya kijiji cha Kirisha, juu huko kwenye mashamba ya kahawa, ambako hakuna mtalii aliyewahi kwenda kwa kuwa hakuna cha kupigwa picha.

"Shikamoo bibi," Mpokezi alisema. "Habari za huko?"

"Marahaba mwanangu. Salama. Salama tu." Kilifuata kimya. "Ila tumepata... wageni. Wapo kwenye ghala la kahawa. Hawajasema wametoka wapi. Basi, salama."

Mpokezi alikuwa amelipenda jibu hilo. Kwake mgeni alikuwa mtalii tu, na neno wageni lilikuwa miongoni mwa maneno yanayoipeleka taa kwenye kijani. Kilichomtatiza ni pumzi peke yake, ndiyo maana akaileta sauti kwa Nakijwa.

Nakijwa aliitambua tangu neno marahaba. Alikuwa Bi Nandera, aliyemwimbisha kwaya yeye na wenzake walipokuwa wasichana, mama mkali ambaye alikuwa radhi msahau maneno ya wimbo lakini si kuvuta pumzi katikati ya sentensi. Vuteni kabla, alikuwa akisema, sauti isikatike. Na leo yeye mwenyewe ameikata kati ya tumepata na wageni. Nakijwa alirudia kusikiliza, akarudia tena.

Alinyanyua simu yake mwenyewe, ile ya mkobani. Namba ya Bi Nandera alikuwa nayo. Aliishika tu, hakupiga.

Mlango ukafunguliwa. Togolani aliingia kavaa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona hujaenda kiwanjani kupokea ndege?"

"Nimepita kuiona taa kwa macho yangu. Usiku kucha sijafumba jicho." Alicheka kidogo. "Jikoni wote wamerudi. Apaikunda amekanda unga tangu alfajiri, anaimba. Nilikuwa nimesahau kama jiko lile lina sauti."

Apaikunda alikuwa mpishi wake mkuu, na alikuwa binti wa pekee wa Bi Nandera.

"Togo," Nakijwa alisema taratibu, "kuna watu wako wamelala Kirisha?"

"Kirisha? Nani akalale Kirisha? Labda vijana wa kutafuta upagazi. Tangu wasikie habari za ndege wanamiminika kutoka kila upande, wengine wanalala hata kwenye mitaro." Ghafla alimtazama usoni. "Kwani umesikia nini?"

Nakijwa aliirudisha simu mkobani.

"Dada. Umesikia nini?"

"Sijui nimesikia nini."

Togolani alikaa kwenye ukingo wa meza. Shati lake zuri lilijikunja na wala hakujali. "Ndege imeshaondoka huko ilikotoka," alisema. "Ikigeuka leo, basi. Mimi nitafungwa kwa mali za watu, hilo si neno, nimezoea kulifikiria. Lakini wale waliouza ng'ombe wao nitawaambia nini? Apaikunda nimwambie nini, akafute unga mikononi arudi kuponda kokoto? Usinifanyie hivyo leo, dada yangu. Kama unajua, sema. Kama hujui, usitubonyezee wasiwasi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na hilo ndilo lililomuumiza Nakijwa. Ila ya Bi Nandera ingeweza kuwa ya vijana wa upagazi, wenye njaa, wasio na adabu ya kusalimia. Ingeweza pia kuwa jambo jingine. Alisoma swali kwenye kioo kana kwamba hajawahi kuliona. Mgeni anaweza kufika hapa na kuondoka salama? Wageni wangefikia hotelini, wangeoga chemchemi, wangeondoka. Kirisha iko nyuma ya mlima. Kwa jinsi swali lilivyoulizwa, jibu lilikuwa wazi.

Alijiambia kwamba ndege ikishatua atachukua bodaboda apande mwenyewe kwenda kumjulia hali mama wa watu. Akabonyeza Ndiyo.

*

Ndege ilipotua watu walilia. Wapo waliokumbatia magurudumu. Mwalimu wa Kifaransa aliwakaribisha wageni kwa hotuba ndefu, na wageni, ambao hawakuwa Wafaransa, walipiga makofi. Ngoma zilipigwa hadi vumbi likafunika jua, na Togolani alicheza katikati akiwa na shati lake lililojikunja.

Nakijwa alimkuta Apaikunda kwenye mlango wa jiko, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

"Dada Nakijwa! Usinishike, nitakuchafua." Alimkumbatia hivyohivyo. "Umeona? Wamekuja!"

"Nimeona. Mama hajambo?"

"Hajambo, namshukuru Mungu. Nikipata mshahara wa kwanza namletea mabati, paa lile linamtesa. Mwenyewe anasema linamwimbia."

Neno lilimfika Nakijwa kwenye ulimi. Angeweza kusema, mpigie mama sasa hivi. Lakini uso wa Apaikunda ulikuwa umenawiri, uso ambao mji ulikuwa haujauona tangu gari lile livamiwe, na Nakijwa aliona huruma kuuharibu kwa jambo asilolijua. Mchana ikanyesha mvua, njia ya Kirisha ikawa utelezi mtupu, na waendesha bodaboda wote walikuwa wanabeba mizigo ya watalii. Akasema ataenda kesho.

Habari ililetwa kesho yake na jirani wa Bi Nandera, aliyeshuka mlima kwa miguu, matope hadi magotini. Alikuwa amejificha kwenye migomba, akasikia kila kitu. Wale wa ghalani walikuwa watu wa korongoni, waliorudi baada ya askari kuondoka. Hawakutaka kitu mjini, walitaka unga na mahali pa kulala. Walikuwa wamemsikia bibi akizungumza kwenye simu, na jioni walimjia wakamuuliza alikuwa anaongea na nani.

"Aliwajibu, ni serikali tu, inanisalimia," jirani alisema. "Ndivyo alivyosema. Inanisalimia. Wakamuua palepale jikoni kwake, wakachukua unga wakapanda milimani."

Apaikunda alikuwa anakata vitunguu. Aliweka kisu chini kwa uangalifu, akanawa mikono, akafungua kitasa cha mlango wa nyuma. Alifika katikati ya uwanja, akaketi kwenye matope.

*

Taa ilibaki kijani. Mpokezi hakuwa mjinga, alifuata alichofundishwa tu: hakuna mgeni aliyeguswa. Asubuhi iliyofuata aliipigia Kirisha simu kama kawaida, na nyumba moja baada ya nyingine walimjibu.

"Salama, ila tumefiwa."

"Njema tu, ila tuna msiba."

"Hatujambo mwanangu. Ila Bi Nandera hatunaye."

Zote zilipelekwa kwa Nakijwa. Alizisikiliza akiwa amejifunga khanga kichwani, macho yamevimba. Hakuna aliyepandisha sauti na hakuna aliyeomba askari. Walikuwa wanamtuliza Mpokezi kwanza, kama walivyolelewa. Nakijwa alielewa, akiwa amechelewa mno, kwamba juzi alikuwa amepima roho za wageni upande huu na matumbo ya mji upande ule, na muda wote huo hakumpima Bi Nandera mahali popote. Kitufe hakikuwa na nafasi yake, naye hakumtafutia.

Alijua Hapana italeta askari. Alijua pia itaondoa ndege, na kwamba haitarudi. Alisikia hofu, tena hofu kubwa, na akili ikamwambia kwamba marehemu hafufuki kwa kuwanyima walio hai chakula. Lakini Kirisha walikuwepo walio hai wengine, kila mmoja na simu yake, na kesho Mpokezi angewasalimia tena.

Akaanza kubonyeza. Hapana. Hapana. Hapana.

Simu ya mezani ililia kabla hajamaliza. Alikuwa mkubwa wake kutoka makao makuu, mtu wa heshima sana.

"Mama Nakijwa, poleni na msiba. Lakini naona majibu yako yanapingana na swali. Ni mgeni gani aliyedhurika?"

"Bi Nandera."

"Huyo si ni mwenyeji?"

"Ndiyo," Nakijwa alisema. "Ni mwenyeji." Akabonyeza Hapana ya mwisho.

Hakwenda hotelini. Togolani ndiye aliyemfuata barabarani, alipokuwa anaanza kupanda mlima kwa miguu. Magari ya watalii yalikuwa yanashuka, vioo vimefungwa, na magari ya askari yanapanda, wakapishana kwa shida penye daraja. Togolani alisimama katikati ya vumbi hilo. Hakufoka. Alilia kama mtoto, kamasi na machozi pamoja.

"Ungebonyeza juzi, ningekuelewa," alisema. "Ungeacha leo, ningekuelewa pia. Umetupiga kote kuwili, dada."

Nakijwa alitaka kumshika mkono. Yeye aliurudisha nyuma, akageuka kuelekea mjini.

*

Kwenye msiba wanawake walikuwa wamekaa mikekani sebuleni kwa Bi Nandera, chini ya lile paa. Wengi walikuwa bado na aproni za hoteli, kwa kuwa waliambiwa habari ya kufungwa wakiwa kazini na wakaja moja kwa moja. Nakijwa alisimama mlangoni.

"Poleni jamani."

"Tumeshapoa," waliitikia wote, kwa sauti moja ya chini, kama inavyopasa.

Alipita katikati yao akapiga magoti mbele ya Apaikunda. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yalimpotea. "Mdogo wangu, nilimsikia," alisema. "Mama alisema wana wageni ghalani. Nilimsikia pumzi ikimkatika."

"Lini?" Apaikunda aliuliza.

"Kabla ndege haijatua."

"Kabla hujaja pale jikoni kwangu."

"Kabla."

"Ukaniuliza mama hajambo."

Nakijwa aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akalia kwa sauti, akamwomba msamaha, akataja jina la marehemu. "Pole, Apai. Pole mdogo wangu. Pole sana."

Apaikunda alimtazama tu. Shangazi yake, mama mtu mzima aliyependa mambo yaende kwa utaratibu hata siku kama ile, alimgusa bega. "Itikia, mwanangu," alimnong'oneza. "Dada yako amekupa pole."

"Sijapoa," Apaikunda alisema.

Alilisema bila kufoka, na wote walilisikia. Shangazi aliziba mdomo kwa khanga. Hakuna mtu Kirumbi aliyewahi kusikia pole ikijibiwa hivyo. Kisha mwanamke mmoja karibu na dirisha akasema hata yeye hajapoa, na mwingine baada yake, na Nakijwa akabaki palepale chini akiwasikiliza.